Hadithi Iliyoishia Kwapani

Jumapili, mwezi wa Julai. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Baridi na vumbi kwa pamoja.

Upepo wa leo hauna adabu. Ulianza tukiwa kanisani, na tulipotoka kila mama alikuwa ameshika kitenge kwa mkono mmoja na Biblia kwa mkono mwingine, huku watoto wakitembea wamefumba macho. Sasa ni mchana. Mama ameenda kumtazama mwanakwaya mwenzake anayeumwa. Mimi nimekaa kwenye meza yake ya kushonea, nimevaa sweta mbili, na vumbi linapenya chini ya mlango polepole kama mtu anayetaka kusoma ninachoandika.

Shajara yangu, ni kitambo sijakuandikia. Leo nimejaa shukrani, na nataka kuziandika kabla hazijapoa. Baadaye nitaziweka kwenye blogu kwa simu ya kaka yangu, kama akiniachia.

Nianze na misumari.

Mama yangu ni fundi wa kushona. Chumba chetu cha mbele ndicho duka lake, na ukutani, juu ya cherehani, kuna mstari wa misumari. Kila kazi inayopokelewa ina msumari wake. Mteja akileta kitambaa, Mama anampima, anakikunja kitambaa pamoja na karatasi ya vipimo, anakitundika, halafu anauliza swali lake la siku zote: "Unakuja kuchukua lini?" Kitu kikishakuwa kwenye msumari hakiguswi na mtu. Lakini kitu kilicholala juu ya meza au chini ya meza ni kipande tu. Kipande kinakatwa, kinafutia mafuta ya cherehani, au kinawashia mbaula, jiko letu la mkaa, asubuhi.

Hiyo ndiyo sheria ya nyumba hii. Nilikuja hapa nikiwa mdogo sana, sikumbuki hata safari ya kutoka Bukavu, Kongo, lakini sheria ya misumari naikumbuka tangu nilipojua kukumbuka.

Sikuwahi kufikiri kwamba inanihusu.

Mimi si mtu wa kusema. Darasani mwalimu akiuliza, jibu ninalo, lakini linakwama kooni mpaka mwenzangu anyanyue mkono na kulisema vibaya. Kwenye karatasi mambo ni tofauti. Kwenye karatasi nina sauti, na habari hiyo imezunguka kambini kuliko ninavyopenda. Kwetu hakuna sherehe inayopita bila mtu kusimama na kusoma neno. Harusi ina neno, kilio kina neno, ubatizo una neno, mgeni wa kanisa akija kuna neno la kumkaribisha. Hata mtu anayepiga kelele sokoni kutwa nzima hawezi kusimama mbele ya watu bila karatasi mkononi. Basi wanakuja. "Nabintu, niandikie neno kidogo." Nimeshawahi kuwa baba wa bibi harusi. Nimeshawahi kuwa mjane. Nimewalilia kwa maneno marefu watu ambao sijawahi kuwaona.

Sijawahi kumkataa hata mmoja. Ni kwa sababu nawapenda, na pia ni kwa sababu neno "hapana" nalo linakwama palepale jibu la darasani linapokwama.

Na kazi ya watu naiandika vizuri. Nachana karatasi safi katikati ya daftari, napiga mstari wa pembeni kwa rula, nanakili kwa kalamu isiyovuja.

Mawazo yangu mwenyewe nayaandika kwenye makaratasi ya kaki.

Hapa lazima nieleze. Mafundi wanaojenga wanampa Mama mifuko ya saruji iliyokwisha. Yeye anaibandua, anachukua zile karatasi za ndani zilizo safi, anazinyoosha kwa pasi, na kuzikatia patroni. Patroni ni umbo la nguo kwenye karatasi: mkono, kola, mgongo. Unaliweka juu ya kitambaa, unalizungushia chaki, unakata. Karatasi za kaki zipo nyingi hapa nyumbani, na wazo likinijia nachukua yoyote iliyo karibu. Naandika nusu ya sentensi, naitwa kuchota maji, narudi, karatasi imeshakuwa kola ya mtu. Miaka yote imekuwa hivyo. Sikuwahi kulalamika. Nilijiambia ni mawazo tu, na mawazo hayana gharama.

Halafu likaja wazo la nyumba.

Mama ana kisa anachopenda kukisimulia wateja wakichelewa kuondoka. Anasema kwao Bukavu waliishi kwenye mteremko, na jioni ukiacha sahani mezani, asubuhi unazikuta zimesogea kidogo. Watu wanacheka, wanaondoka. Mimi kisa hicho kilinikaa. Nilikuwa nachota maji, nachambua maharage, na huku nawaza: itakuwaje kama si sahani zinazosogea? Itakuwaje kama ni nyumba yenyewe? Nyumba inayoteremka mlima, hatua moja kila masika, na familia iliyomo ndani inakataa kuona. Sahani zinaelekea mlangoni, na kila mwaka wanaamka na majirani wapya. Wanawasalimia, wanawakopesha chumvi, wanasema ni hao majirani waliohamia.

Hadithi hiyo niliiandika mwezi uliopita, kwenye karatasi moja kubwa ya kaki, mwanzo hadi mwisho. Mwisho niliuharakisha kwa sababu maji yalikuwa yamefunguliwa bombani, lakini ulikuwa mwisho. Ilikuwa hadithi ya kwanza maishani mwangu niliyoimaliza. Niliandika jina langu kwa herufi ndogo kwenye mstari wa kwanza, nikaiweka mezani chini ya kisanduku cha nyuzi.

Mama aliiona. Aliniuliza kabisa. Alinyanyua kona ya karatasi kwa kidole chenye kofia ya kushonea, akasema, "Nabintu, hii ni ya nini?"

Nikasema, "Si kitu, Mama."

Niliposema hivyo nilikuwa natabasamu. Nilikuwa na furaha kiasi cha kuona aibu, na aibu ikasema kwa niaba yangu.

Siku iliyofuata nilirudi kutoka shule nikakuta kisanduku cha nyuzi kimekaa peke yake. Nikauliza ile karatasi iko wapi. Mama hakuinua macho kwenye cherehani.

"Ile? Nimekata mukono ya gauni ya kwaya. Nimeshaituma kwa Vumilia asubuhi, naye iko na gauni za kushona kule. Juu ya nini?"

"Hapana. Nilikuwa nauliza tu."

Mabaki yake, vile vipande vilivyozunguka mkono, yalikuwa yamewashia mbaula. Mwisho wa hadithi ulikuwa humo. Niliyatazama majivu. Majivu ya hadithi hayana tofauti na majivu mengine.

Sikumlaumu Mama na simlaumu hata sasa. Ni mimi niliyesema si kitu. Lakini wiki ile nilitembea kama mtu aliyefiwa ambaye haruhusiwi kuvua viatu na kukaa chini. Jioni moja jirani yetu Baba Amani akaja kuniomba neno la siku ya mahari ya binti yake. Nikakubali, kama kawaida. Nikachana karatasi safi, nikapiga mstari kwa rula, na nikashindwa kuandika hata "Wapendwa wageni wetu". Nikaikunja.

Hapo niliogopa. Niliwaza: labda ilikuwa moja tu. Labda ndani yangu kulikuwa na hadithi moja, na imeshachomwa.

Jana Mama akanituma Lilongwe.

Tantine Vumilia, yaani shangazi kwa heshima tu, anakaa Area 18, mtaa mmoja wa Lilongwe. Ni rafiki wa Mama tangu siku zao za kwanza kambini. Kwao ni Uvira, lakini aliolewa na Mmalawi, na sasa anashona kwenye baraza la nyumba yake mjini. Mimi nilikuwa sijamwona tangu nikiwa mtoto. Nilipaswa kumpelekea lasi na vifungo, na kurudi na ile patroni ya mkono, kwa sababu kuna gauni mbili za kwaya zimebaki na Mama anaihitaji. Nilichukua kibali changu cha kutoka, nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabarani, kisha basi dogo. Kijana wa baiskeli aliimba njia nzima na hakunidai niongee, nikamshukuru moyoni. Tulipopita viwanda vya Kanengo gari lilijaa harufu ya tumbaku, tamu na nzito. Nami nilikuwa nawaza jambo moja tu: nitaishika tena ile karatasi. Hata kama ni mkono tu. Hata kama imejaa mashimo ya pini.

Nilimkuta Tantine na wifi yake, Chikondi, wakishona kwa cherehani mbili zilizotazamana. Nikapiga magoti kusalimia. Nikasema jina langu, kwa sauti yangu ile inayoishia kwenye meno.

Tantine akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"We njo Nabintu? Njo we mwenye mukono?"

Aliponiuliza kama ndiye mimi mwenye mkono, nikajua patroni imekosewa. Nikaanza kuomba msamaha, nikasema kama mkono ni mfupi Mama atakata mwingine, pole sana kwa kitambaa cha watu. Yeye akacheka mpaka akalazimika kutoa pini mdomoni.

"Mukono iko muzuri! Yenye iko mubaya ni kwapa. Mi niko nakata kitenge ya mutu, nasoma, nasoma, nyumba inatelemuka, bantu banasalimia majirani bapya, mi nacheka peke yangu, halafu puu! Kwapa. Hadithi inakatika. Mwisho iko wapi, mama?"

Chikondi naye akawa amenyanyua kichwa. "Ndi ameneyu?" akauliza, ndiye huyu? Kisha akanyoosha kidole kwangu, akasema, "Nyumba!" Neno hilo kwa Kichewa na kwa Kiswahili ni lilelile, kwa hiyo nilielewa vizuri kabisa. Alikuwa ananiita kwa jina la hadithi yangu.

Kumbe kila walipotandaza ile patroni, Tantine alikuwa anamsomea Chikondi kwa Kichewa. Gauni la kwanza walisoma upande mmoja, la pili wakageuza. Kisha wakaanza kubishana.

"Huyu anasema nyumba itafika ku ziwa, iogelee," Tantine akanieleza. "Mi nasema baba ya ile nyumba atatoroka mbele, namuona. Mwanaume wa kusalimia-salimia hivi ni wa kutoroka. Tumewekeana soda. Sema basi, nani anakunywa?"

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo. Nikasema ukweli mfupi nilioweza: kwamba mwisho uliwashia mbaula.

Tantine akaweka pini zake chini. Hata Chikondi, aliyekuwa hajaelewa, akasimamisha mashine yake kwa heshima.

"Kumbe mama yako alipikia chai mwisho ya hadithi," Tantine akasema. Akanitazama. Mimi nikaanza kucheka, sijui kwa nini, na wiki yangu yote ya msiba ikatokea puani pamoja na machozi. Chikondi akanipa kipande cha kitenge nifutie.

Halafu Tantine akaitandaza ile karatasi magotini mwake. Nilikuwa nimesahau mwandiko wangu ulivyo mdogo. Ulikuwa umejaa mkono mzima, kutoka begani hadi kwenye pindo, na juu yake kulikuwa na mashimo ya pini na alama za vipimo. Pembeni, kwa chaki ya buluu, mtu alikuwa ameandika maneno mawili.

Na Koko?

Koko ndivyo tunavyowaita bibi zetu.

"Iyo ni mi niliandika," Tantine akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Ku mwanzo unasema kuna Koko mu jikoni. Anapuliza moto. Nikamupenda. Kisha unamusahau! Nyumba inatembea, bantu bote bako mbele na bageni, na Koko? Umemuacha peke yake na moto? Iyo si adabu, mwanangu."

Hakuna mtu aliyewahi kunigombeza kwa ajili ya mtu niliyemtunga.

Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia. Walimu wamewahi kuniambia "vizuri". Waliosoma maneno yangu harusini wamepigiwa makofi, nami nimepiga nao nikiwa nyuma ya hema. Lakini huyu mama alikuwa amekasirika kabisa kwamba Koko ameachwa. Aliamini yupo. Alimtafuta kwenye karatasi, hakumwona, akachukua chaki yake ya kazi akauliza. Na alikuwa na haki. Nilikuwa nimemsahau. Nilimweka jikoni kwenye mstari wa pili, kisha nikaitwa kuchota maji, na niliporudi nikaendelea bila yeye.

"Utaandika mwisho ingine," Tantine akasema. "Lini?"

Shajara yangu, hilo swali nalisikia kila siku. Mama anawauliza wateja, wateja wanamuuliza Mama. Lakini kwa habari ya kitu changu, hakuna aliyewahi kuniuliza lini. Nikasema, "Nikipata nafasi, Tantine."

Alikuwa ameshaanza kuchomeka pini, akasema bila kunitazama.

"Nafasi haipatikanake, mama. Mi niko fundi. Nilishonea bibi harusi ya kampi mzima. Yangu nikasema nitashona nikipata nafasi." Akauma uzi. "Niliolewa na gauni ya kukopa. Na ilinibana."

Chikondi lazima anaijua hadithi hiyo, maana alipiga kiuno chake kuonyesha palipobana.

Kisha Tantine akafanya kitu ambacho nitamshukuru kwacho hata nikiwa mzee. Akachukua gazeti, akalitandaza mezani, akaweka ule mkono wangu wa kaki juu yake, akauzungushia chaki, akakata mwingine. Akautundika ule wa gazeti ukutani, akanikunjia ule wa kaki taratibu, akifuata mikunjo ya zamani ili maandishi yasichakae.

"Mukono ya kushona ni yangu. Ya kusoma ni yako. Mama yako akishakata zile gauni mbili, asiiguse tena. Na we, ukirudi huku, rudi na mwisho. Soda inangojea."

Njia nzima ya kurudi niliiweka chini ya blauzi, kifuani. Kila nikivuta pumzi ilikuwa inalia kidogo.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu. Kupata karatasi kulikuwa rahisi kuliko kuingia nyumbani.

Mama alikuwa anamalizia pindo. Akanyoosha mkono bila kutazama, kama anavyofanya akitaka mkasi, ili nimpe patroni. Nami sikumpa. Nilisimama. Niliishika ile karatasi kifuani kwa mikono miwili. Nikawaza juu ya gauni lililobana.

Nikasema, "Mama, ile siku uliniuliza hii ni ya nini. Nilisema si kitu. Ni kitu."

Ndiyo hotuba yangu yote. Nimeandikia watu maneno ya kurasa tatu.

Mama akasimamisha mashine. Akachukua karatasi, akaigeuza, na kwa mara ya kwanza akaisoma. Aliisoma amesimama, akisogea mlangoni kutafuta mwanga. Uso wake sikuuelewa. Alipofika kwapani akageuza kutafuta zaidi, akakuta hakuna, akakaa.

"Sahani zilikuwa zinaenda ku dirisha," akasema. "Haikuwa ku mulango."

Nikasema nitarekebisha.

"Acha." Akasoma tena mahali fulani. "Acha ku mulango. Iko muzuri zaidi." Halafu hasira ikamfika, kwa kuchelewa, kama mvua ya hapa. "Lakini we mutoto! Mi nilikuuliza! Nilikuuliza na mudomo yangu, ukasema si kitu! Mi ningekata kaki ingine, kaki ziko mingi! Sasa mi niliwasha moto na nini? Ee? Niliwasha moto na nini?"

"Na mwisho, Mama."

Akashika kichwa. Alitaka kucheka na hakutaka nimwone. Akanigeuzia mgongo, akaanza kupekua kwenye kopo la vifungo, na nilidhani amemaliza na mimi. Lakini alitoka humo na msumari. Akavua kiatu, akaugongomea ukutani kwa kisigino, kwenye mstari uleule wa kazi za watu, kati ya kaunda suti ya mzee wa kanisa na sare ya shule ya mtoto wa jirani. Akaitundika karatasi yangu.

"Gauni mbili nitakata kesho kutwa, nitairudisha hapo hapo. Kazi bila musumari, mi nitajuaje ni kazi?" Akanitazama kama anavyowatazama wateja, kichwa kimeinama kidogo upande. "Unakuja kuchukua lini?"

Nikasema Jumamosi ijayo. Sijui ilitoka wapi. Ilitoka.

"Jumamosi ni karibu. Utashona saa ngapi?"

Basi tukapanga, mimi na fundi. Meza ni yangu Jumapili baada ya kanisa mpaka atakapowasha moto wa jioni, na ni yangu tena Jumatano anapokuwa mazoezi ya kwaya. Maji nitachota kabla. Akasema siku hizo mtu asinitume, na kwamba yeye pia ni mtu, kwa hiyo akijisahau nimkumbushe. Akasema pia taa ya cherehani nisiiguse, balbu ni moja.

Tukiwa hapohapo, Baba Amani akabisha hodi. Neno lake la mahari. Sherehe ni mwisho wa mwezi, lakini yeye anapenda kuwa na karatasi mapema ili ajizoeze mbele ya kuku wake.

"Nabintu, mwanangu, neno yangu iko tayari?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema "nitaandika sasa hivi, Baba". Nimezoea hivyo. Mama akanitangulia.

"Foleni iko, Baba Amani. Kuna kazi mbele yako."

"Kazi ya nani?"

Mama akaonyesha ukutani kwa mkasi. Baba Amani akatazama: suti, mkono wa kaki, sare. Akakodoa macho kwenye ule mkono.

"Iyi njo kazi? Iyi mukono ya karatasi? Mwenyewe ni nani?"

"Muteja."

"Muteja gani?"

"Muteja," Mama akasema, akarudi kukanyaga cherehani. Cherehani ya Mama ikianza kulia huwezi kuendelea kuuliza.

Baba Amani akanigeukia mimi. Nami, shajara yangu, nilisema. Kwa sauti ndogo, lakini ilifika: "Neno lako nitaandika baada ya Jumamosi, Baba. Litakuwa zuri. Kuku watalia." Akacheka. Akasema sawa. Akaenda zake na hakuna kilichoanguka, paa halikuanguka, hata hakukasirika. Miaka yote hii nilidhani watu wakiambiwa wangoje watanichukia. Kumbe kwenye nyumba ya fundi wamezoea kungoja.

Hayo yote ni ya jana.

Leo nimekaa hapa kwenye nafasi yangu ya kwanza. Nilidhani wazo litanijia nikishakaa tu, kwa sababu sasa nina meza na saa. Halikuja. Nimekaa muda mrefu nikiangalia chaki ya buluu. Na Koko? Na Koko? Nimekula karanga. Nimetoa vumbi kwenye kisanduku cha nyuzi. Nikawaza labda ni kweli, ilikuwa moja tu.

Kisha kalamu ikaanguka, nikainama kuitafuta, na nikaona mguu wa meza.

Mguu mmoja wa meza hii ni mfupi. Chini yake kuna kaki iliyokunjwa mara nyingi. Meza imesimama sawa miaka yote na sisi hatujawahi kuuliza ni nani aliyeisawazisha, wala lini. Nikabaki nimeinama chini ya meza kama mtu anayeomba, kwa sababu nilikuwa nimemwona Koko.

Koko alijua. Alijua kabla ya wote. Anapika kwenye mafiga matatu, na chungu hakidanganyi: nyumba ikiinama, supu inaelekea upande mmoja. Kila masika Koko anaweka kijiwe chini ya figa moja ili supu isimwagike. Mwaka wa kwanza kijiwe kidogo. Mwaka unaofuata kikubwa zaidi. Hasemi. Familia nzima inakula supu iliyosimama sawa ndani ya nyumba inayoteremka, na wanasema, unaona, nyumba yetu haijasogea.

Sijui bado kama nyumba itafika ziwani. Sijui nani anakunywa soda. Lakini najua sasa hadithi inaanzia wapi, na si pale nilipoianzia.

Nashukuru. Nashukuru kwa chaki ya Tantine, na kwa gauni lake la kukopa, nalo pia. Namshukuru Chikondi aliyeniita Nyumba. Namshukuru Mama aliyesoma amesimama. Nashukuru hata kwa kwapa, kwa sababu kama hadithi isingekatika, hakuna ambaye angeuliza mwisho uko wapi.

Nimechana karatasi safi katikati ya daftari. Nimepiga mstari wa pembeni kwa rula. Niliupiga polepole, kwa sababu karatasi hizi huwa ni za harusi za watu.

Mafundi wana neno lao, na Mama pia analo, ingawa ni fundi mzuri. Mteja akija siku yake na nguo haijaisha, wanamwambia, rudi kesho. Mteja wangu, huyu aliyekaa hapa na sweta mbili, nimemwambia rudi kesho tangu alipojua kushika kalamu. Ni mpole, hagombi. Anaondoka na anarudi tena.

Jumamosi atakuja. Nataka akute kazi yake imekunjwa, iko kwenye msumari, imeisha.